Je, Kuku wa Mwambao Awekewe Ubao?

HOJA: Kwamba kila mfugaji wa kuku wa kienyeji katika mwambao wa Mtwara, tangu Mikindani hata Msimbati na vijiji vya maingilio ya Ruvuma, inampasa kuweka ubao wa kupokea kinyesi chini ya fito wanazolalia kuku wake.

BWANA MIFUGO: Hoja hii ndimi niliyeileta, na ndimi nitakayeitetea. Kuku, tangu jua linapotua hata linapochomoza, hana kazi ila kushika ufito na kusaga tumboni alichookota mchana, na kwa kuwa usagaji huo haukomi kwa usingizi, karibu nusu ya kinyesi chake cha siku nzima huanguka usiku, tena mahali pale pale alipolala. Mfugaji asiye na ubao huiacha nusu hiyo ianguke sakafuni, ikanyagwe alfajiri, ichanganyike na maji yaliyomwagika na pumba zilizotawanyika, mpaka banda zima lijae unyevu na hewa kali inayochoma macho ya kuku na ya mwenye kuku. Ilhali mwenye ubao huikuta imekusanyika mahali pamoja, juu ya mchanga mkavu, akaikwangua kwa jembe kuukuu kabla jua halijapanda, akaipeleka panapostahili. Kipimo chake hakina siri: ubao ukae shubiri moja chini ya ufito, uzidi ufito huo kwa shubiri moja mbele na nyuma, utandazwe mchanga mkavu wa unene wa kidole, na uwe wa kuchomolewa na kurudishwa bila kubomoa kitu.

BIBI MFUGAJI: Mwanangu Bwana Mifugo, maneno yako yana mpango mzuri, lakini yameanza mwisho yakaacha mwanzo. Kuku wangu hawana sakafu ya kuchafua. Banda langu limeinuliwa juu ya nguzo nne, na chini yake hapana udongo wala saruji, pana fito zilizoachana kiasi cha kidole, hata kinyesi hupita katikati kikaanguka nje, kikapigwa na upepo wa kusi kikakauka. Kazi ambayo upepo na ardhi huifanya bure, wewe wataka niitwae mimi, niifanye kwa mkono wangu kila alfajiri, tena juu ya ubao nilioununua. Mwana wa kuku hafunzwi kuchakura, na mama yake hakufundishwa kulala. Nionyeshe kwanza maradhi ya banda langu, ndipo unitajie dawa yake.

BWANA MIFUGO: Maradhi ya banda lako, Bibi, hayako juu, yako chini yake. Alfajiri ukifungua mlango, kuku wako hawaendi kondeni kwanza. Huzunguka nguzo wakaingia chini ya banda, wakachakura lundo la jana, la juzi na la majuma yaliyopita, wakitafuta funza. Humo ndimo yalimo mayai ya minyoo na vijidudu vya kuhara damu. Na ajabu ya viumbe hivi, ambayo ndiyo burhani ya hoja yangu, ni kwamba vikitoka tumboni mwa kuku mmoja havina uwezo wa kumdhuru mwenziwe siku ile ile: vya kuhara damu huhitaji siku moja hata mbili za joto na unyevu vipate kukomaa, na mayai ya minyoo huhitaji siku kumi, hata ishirini. Kinyesi kilichoondolewa kila asubuhi kimeondoka kabla ya shari yake kuiva. Kilichoachwa chini ya banda kimepewa muhula wote kiutakao, na kivuli cha banda lenyewe kikakikinga na jua.

BIBI MFUGAJI: Kwamba jua halifiki chini ya banda, nakubali. Lakini umewataja hao funza kwa wepisi mno. Kuku wa mkata hatagi, na akitaga haangui, walisema wazee; na sababu mojawapo ni njaa ya kuku huyo, wala si uchafu wake. Pumba za mpunga wa bonde la Ruvuma hupatikana wakati wa mavuno, kisha hutoweka. Dagaa ni kitoweo cha watu kabla hawajawa chakula cha kuku. Na mahindi tukiyapata twayasonga ugali. Funza na mchwa ndio nyama ya kuku wa kijijini. Ukiniondolea lundo umemwondolea kuku kitoweo chake, nami cha badala nitakitoa wapi? Wenye kuku wa kisasa mjini hununua chakula kwa gunia, ndiyo maana wana nafasi ya kuogopa kila kinachoanguka. Dawa yako ni ya tajiri, nawe waja kumwagiza mkata.

MWALIMU WA CHUO: Naomba niingie hapa, maana lililotajwa lina mlango wake katika sheria. Mnyama mwenye kula najisi, ambaye wanavyuoni humwita jalala, Mtume amekataza nyama yake na maziwa yake, na imepokewa kwamba Ibn Umar alikuwa akimfungia kuku wa namna hiyo siku tatu kabla ya kumla. Katika madhehebu ya Imamu Shafi, wanayoyafuata Waislamu wengi wa mwambao huu, kipimo ni athari: ikiwa harufu au ladha ya nyama imegeuka kwa najisi, huchukiza kuliwa mpaka mnyama alishwe kilicho safi na nyama yake itakasike, ikiwa haikugeuka, hapana lawama. Basi kuku wa Bibi, ambaye kutwa huokota majani, mbegu na wadudu, simhukumu kuwa jalala, wala Bwana Mifugo asinifanye fimbo ya kumpigia mtu. Lakini ziko nyumba ambazo, kwa kuogopa wezi na fungo, kuku hulala jikoni, na asubuhi mama hufagia kinyesi kandokando ya mafiga, na mtoto atambaaye yuko pale pale. Kinyesi hicho katika madhehebu yetu ni najisi. Kikigusa nguo au mkeka, sala haisihi juu yake mpaka uoshwe. Kwa nyumba hizo ubao ni tahara kabla ya kuwa ufugaji.

BIBI MFUGAJI: Hapo, Mwalimu, sina neno. Aliyelaza kuku jikoni na aweke ubao, na asipokuwa na ubao aweke kipande cha bati au gunia la kukung'utwa. Lakini hoja haikusema jikoni. Imesema kila mfugaji.

BWANA MIFUGO: Imesema kila mfugaji kwa kuwa mtoto atambaaye jikoni hutambaa uani pia, na vijidudu vya kuku vinavyomharisha mtoto havitambui mpaka wa mlango.

FUNDI SEREMALA: Kabla hamjagawana majiko na nyua, niulizeni mimi ubao huo watoka wapi. Boriti za mikoko, ambazo wazee wetu walijengea kila kitu, hazikatwi ovyo katika maeneo ya hifadhi ya bahari ya Ghuba ya Mnazi na maingilio ya Ruvuma, iliyotangazwa mwaka 2000. Na ni haki, kwa sababu katika mizizi ya mikoko hiyo ndimo wanamokulia samaki na kamba wetu. Mninga na mvule ni mbao za milango na vitanda. Zilizobaki ni mbao za mwembe na za mnazi mzee, na hizo mchwa wa mchanga huu huzimaliza upesi usipozikinga. Bati kuukuu hupigwa na upepo wa chumvi likaliwa na kutu, likatoboka, na makali yake hukata mkono wa mkwanguaji. Fauka ya hayo yuko utitiri. Mdudu huyu hanywi damu mchana. Mchana hujificha katika nyufa, misumarini na maungioni, na usiku hutoka akapanda miguu ya kuku. Nimeitwa kutengeneza mabanda ya watu, nikainua ubao uliopigiliwa chini ya ufito, nikakuta upande wake wa chini unatembea: wa kijivu ndio wenye njaa, wekundu ndio waliokwisha kunywa. Kuku wa banda lile walikuwa wameacha kutaga, na undu zao zimepauka. Kila ubao mnaouongeza ni nyufa mpya, na kila ufa una mpangaji wake.

BWANA MIFUGO: Fundi amesema kweli, na kweli hiyo ni shtaka la ubao uliopigiliwa misumari, si shtaka la ubao. Utitiri hauletwi na ubao. Hukaa katika ncha za ufito, pale ufito unapolalia ukuta, na katika makuti ya paa, hata ndani ya banda lisilo na ubao wowote. Kinyume chake, ubao wa kuchomolewa ndio unaomfichua: ukiutoa kila juma, ukaugeuza kifudifudi juani, ukamwagia nyufa zake maji ya moto, ukapaka ncha za fito mafuta ya taa, umemfikia mdudu ambaye vinginevyo ungemwona siku kuku wako walipokwisha kupauka. Na unga wa salfa, ambao kila mwenye mikorosho anaujua kwa kuupulizia dhidi ya ubwiriunga, ni adui wa siku nyingi wa utitiri. Ama mchwa, Mtwara ina dawa yake iliyojaa kila ua wakati wa mavuno, nayo ni mafuta ya maganda ya korosho.

FUNDI SEREMALA: Mafuta hayo nayajua kuliko uyajuavyo. Hukinga mti kweli, lakini yakiwa mabichi huchubua ngozi ya mtu mzima, sembuse unyayo wa kuku. Yapakwe nguzoni peke yake na yaachwe yakauke. Ubao wenyewe upakwe sifa, mafuta ya papa tunayopaka vyombo vya bahari. Tena kuna jambo la kipimo ambalo hukulitaja: ukiweka ubao, ufito hauna budi kupanda ili nafasi ya kukwangua ipatikane, na kuku wa kuchi, kwa uzito alio nao, akiruka kutoka juu kila alfajiri huumia unyayo ukavimba. Kwa hiyo atataka ngazi. Basi gharama si ubao. Ni ubao, ngazi, sifa na mafuta ya taa. Mpe Bibi hesabu yote, usimpe nusu ya hesabu ukaiita hesabu.

MKULIMA WA BUSTANI: Hesabu yote ina upande wa mapato pia, na upande huo haujasemewa. Udongo wetu wa pwani ni mchanga. Mvua inayoanza Novemba hata Aprili hupita ndani yake ikashuka na rutuba, na mchicha usiotiwa samadi huwa njano kabla haujatimiza majani sita. Ng'ombe huku ni wachache, kuku wako kila nyumba. Na ile nyeupe mnayoiona juu ya kinyesi cha kuku ndiyo mkojo wake, kwa kuwa kuku hakojoi maji, na humo ndimo ilimo sehemu kubwa ya nguvu inayokuza majani. Ikilowa huoza, ikageuka hewa ile ile aliyoisema Bwana Mifugo, inayochoma macho. Kwa hiyo mtu anayeinusa katika banda lake ananusa mbolea ikimkimbia. Lundo lililo chini ya banda la Bibi limekwisha kunyeshewa, limechanganyika na mchanga, nusu ya nguvu imepaa na nusu imezama. Kilichokwanguliwa kikavu ubaoni ni mali nyingine kabisa. Ila nawasihi msinyunyizie majivu ubaoni, kama wengi wafanyavyo kwa kufukuza harufu, kwani majivu huiharakisha nguvu hiyo kupaa. Nyunyizeni mchanga mkavu, pumba au randa za fundi. Wala mimi siitii shambani mbichi ikaunguza mizizi. Huilundika pamoja na majani makavu, nikaigeuza, miezi miwili hata mitatu, mpaka joto lake litulie.

BIBI MFUGAJI: Wewe waitaka mali hiyo, na utailipia?

MKULIMA WA BUSTANI: Nitailipia kwa gunia, na bei tutapatana.

MWALIMU WA CHUO: Patana kwa ujuzi. Katika madhehebu yetu kitu ambacho chenyewe ni najisi hakiuziki, na kinyesi ni mojawapo, ijapokuwa kukitia shambani kunaruhusiwa. Wenye kufuata Imamu Abu Hanifa wao huruhusu kuuza samadi. Njia waliyoionyesha wanavyuoni wetu ni kwamba mwenye nacho aiondoe haki yake juu ya kitu hicho kwa malipo, na si kukiuza. Kwa hiyo Mkulima asiseme amenunua kinyesi. Alipe ili Bibi amwachie, na amlipe pia ujira wa kukwangua, kukausha na kufunga gunia, kwa kuwa ujira wa kazi ni halali isiyo na shaka.

BIBI MFUGAJI: Mwenyezi Mungu akuzidishie, Mwalimu, maana umelitaja neno ambalo wenzako wamelizunguka tangu asubuhi. Kazi! Mbao zina fundi, dawa zina mtaalamu, samadi ina mwenye bustani. Na mkono utakaokwangua haukutajwa jina, kana kwamba ubao hujikwangua. Nitautaja mimi. Ni mkono wa mwanamke. Alfajiri mkono huo hushika ndoo ya maji, huwasha moto, humvisha mtoto wa shule. Na korosho zinapoanza kuanguka, tangu Oktoba mpaka mwaka unakwisha, mkono huo huwa mkorosho chini kabla ya umande kukauka, kwa kuwa korosho isiyookotwa upesi huharibika au huibwa. Hapo ndipo mnapotaka kuupa kazi nyingine isiyo na siku ya mapumziko. Na kuku, nisikilizeni vizuri, ni wa mama mpaka siku ya kuuzwa. Siku hiyo huwa wa baba. Mtetea akiugua, mama hakumtunza. Jogoo akipata bei, baba alimfuga. Laiti mngeanza hoja yenu kwa kuuliza nani atakwangua na nani atakula, tungekwisha kupatana au kukosana zamani.

BWANA MIFUGO: Bibi, kazi niliyoitaja ni ya muda mfupi sana, haifiki hata muda wa kuchemsha chai.

BIBI MFUGAJI: Kila kazi ya mwanamke ni ya muda wa kuchemsha chai, mwanangu, zikihesabiwa zote pamoja, chai yenyewe hainyweki. Tena tumekwisha kuletewa mambo mengi na watu waliokuwa na hakika. Mwaka 1947 serikali ya Kiingereza ilileta mradi wa karanga, ikafyeka msitu wa Nachingwea kwa mitambo, ikajenga bandari hapa Mtwara na reli ya kupeleka karanga bandarini. Mwaka 1951 mradi ukaachwa, na reli nayo ikang'olewa baadaye. Wataalamu wale hawakuwa wajinga. Walikuwa na vipimo vya kila kitu isipokuwa vya mvua yetu, udongo wetu na watu wetu. Nami naogopa jambo lenye kipimo cha shubiri kwa ubao na lisilo na kipimo kwa mtu.

BWANA MIFUGO: Mfano wako ni mzito, na ninaupokea kwa heshima, lakini siukubali kuwa sawasawa. Mradi wa karanga ulikuja na fedha za mbali, ukaamuru ardhi ya watu, na uliposhindwa hasara yake haikuweza kurudishwa. Ubao huu haufyeki mti hata mmoja, hujaribiwa katika banda moja, na usipofaa huvunjwa ukawa kuni. Na umeupima ubao kwa kazi yake ukausahau kwa maarifa yake. Kuku aghalabu hushika mahali pake pa kulala, mwenye nguvu juu au katikati na mnyonge pembeni, usiku baada ya usiku. Kwa sababu hiyo ubao ni daftari ambalo kila kuku ameandika ukurasa wake. Kinyesi kigumu cha hudhurungi chenye kofia nyeupe ni salama. Kimoja kimoja laini, cheusicheusi, chenye kung'aa na harufu mbaya kuliko vyote, nacho ni salama, hutoka katika utumbo wa pembeni, wala mtu asikimbilie dawa. Lakini chenye damu ni kuhara damu. Cha kijani chenye majimaji ni onyo la mdondo au la homa nyingine kali. Chenye nyuzi nyeupe zinazojinyonga ni minyoo. Mwenye ubao hujua habari hii alfajiri ya kwanza, na hujua ni ya kuku yupi, akamtenga. Cha kuku wako, Bibi, huanguka gizani chini ya banda, kikachanganyika, nawe huarifiwa siku kuku anapokunja shingo.

BIBI MFUGAJI: Umelitaja mwenyewe jina ambalo nilikuwa nikilingoja. Mdondo. Niambie mbele ya Mwalimu: ubao wako wazuia mdondo?

BWANA MIFUGO: Hauzuii.

BIBI MFUGAJI: Na kuku wetu wanaokufa banda zima kwa siku chache, mpaka kijiji kikawa hakina jogoo wa kuwika, hufa kwa utitiri na minyoo, au hufa kwa mdondo?

BWANA MIFUGO: Hufa kwa mdondo, na haukingiki ila kwa chanjo. Kwa kuku wetu wa vijijini iko chanjo ya I-2, iliyotokana na utafiti wa Australia na kutengenezwa pia hapa nchini, ambayo huvumilia joto kuliko chanjo za zamani. Tone moja jichoni mwa kila kuku, kila baada ya miezi mitatu au minne. Sikatai kwamba mwenye uwezo wa kufanya jambo moja tu na aanze na hilo.

BIBI MFUGAJI: Basi hoja yako imekosa adabu ya mpangilio. Jambo linaloua banda zima umeliweka nyuma, na jambo linalodhoofisha kuku mmoja mmoja umeliweka mbele ukalipa neno "inampasa". Asubuhi zangu zikiwa chache, mbona usiniombe zile nne za mwaka, za kuwakamata kuku wangu wote watiwe tone, kabla ya kuniomba asubuhi zote za mwaka kwa ajili ya ubao?

BWANA MIFUGO: Kwa sababu la kwanza huliita la pili. Ukichanja, kuku hawafi, wasipokufa huzidi, wakizidi, banda la kuku watano hulala ishirini. Miaka yote kuku wetu hawakuhitaji ubao kwa kuwa mdondo ulikuwa ukiwapunguza kila kiangazi kabla kinyesi chao hakijawa tatizo. Tukiuondoa mdondo, msongamano hubaki, na kuhara damu na minyoo, ambavyo palipo na kuku wachache huwa ni adha, palipo na kuku wengi huwa ni msiba. Nimeona mtu aliyechanja kwa uaminifu akapoteza vifaranga wake wote kwa kuhara damu, akasema chanjo ni uongo. Sitaki uongo huo uzaliwe katika kijiji chako. Ndiyo maana nikasema inampasa.

MKULIMA WA BUSTANI: Nami nitoe njia. Ikiwa mzigo ni kukwangua, mimi nitakwangua. Nitapita kila asubuhi na ndoo yangu, Bibi aachie kinyesi na mimi nichukue, na kazi iwe yangu.

BIBI MFUGAJI: Ahsante, mwanangu, na hilo ni neno la kiume. Lakini sikia alivyosema mwenzako: ubao ni daftari. Ukilikwangua wewe, utalisoma kwa macho ya mchicha. Utaona gunia limejaa. Hutaona kwamba yule mtetea wa pembeni, ambaye jana alikuwa na kofia nyeupe, leo ana damu. Mimi ndiye nimjuaye kwa jina. Nikikuachia kazi nimekuachia na maarifa; nikiyashika maarifa nimeishika na kazi.

FUNDI SEREMALA: Hapo Bibi amejifunga mwenyewe. Ukikiri kwamba ubao una maarifa ambayo wewe peke yako ndiwe uwezaye kuyasoma, umekwisha kuukubali.

BIBI MFUGAJI: Nimeukubali ubao, fundi, sijaikubali hoja. Hoja yasema mfugaji inampasa. Na mfugaji ni nani? Daftari la kijiji likiandikwa, mfugaji ni mwenye nyumba. Ubao ukikwanguliwa, mfugaji ni mimi. Iongezwe basi sehemu ya pili: kwamba anayeshika bei ya kuku ashike na zamu ya ubao, naye afundishwe kuusoma kama ninavyofundishwa mimi. Itamkwe mkutanoni, mbele ya waume wenyewe, si hapa mbele ya kuku. Ikitamkwa nao wakaitika, fundi na aje kesho apime shubiri.

BWANA MIFUGO: Sehemu hiyo ya pili ni ya haki, wala sina hoja ya kuipinga. Lakini uamuzi wake haumo katika mamlaka ya mtu wa mifugo, umo katika nyumba moja moja, na nyumba huchukua miaka kubadilika. Vifaranga watakaoanguliwa mvua za mwaka huu hawana miaka hiyo. Wewe wasema haki itangulie ndipo ubao ufuate. Mimi nasema ubao utangulie, na faida yake ikionekana ndiyo itakayomleta mwanamume bandani.

BIBI MFUGAJI: Faida ya korosho ilionekana, mwanangu. Ilimleta mnadani, mkorosho chini bado naokota mimi.